Fidla na Gitaa Kali: Jinsi ya Kurekodi Albamu ya Kwanza ya Klasiki na Hevi Metali

Maswali ninayoulizwa kuhusu kuchanganya fidla na hevi metali ni yale yale. Nitumie programu gani ya okestra? Mpiga fidla nitampata wapi? Na la tatu, linalokuja kuliko yote: mbona fidla zangu zinasikika vizuri zikiwa zenyewe, lakini gitaa likiingia tu zinapotea? Nimekuwa nikiwajibu watu mmoja mmoja. Sasa nayaweka yote hapa, kwa mpangilio wa kazi yenyewe.

Mwongozo huu ni wako kama unapiga gitaa au kinanda, una rifu kadhaa (vipande vifupi vya gitaa vinavyojirudia) ulizorekodi kwenye simu, na unataka kutoa albamu ya kwanza bila lebo wala studio kubwa. Sitakufundisha kupiga gitaa. Nitakuonyesha namna ya kuwakalisha fidla na gitaa chumba kimoja bila mmoja kummeza mwenzake.

Jambo moja lishike kabla hatujaanza. Gitaa lenye distosheni, yaani sauti iliyokwaruzwa makusudi, linajaza nafasi yote ya sauti, kuanzia chini mpaka karibu na juu kabisa. Ukitunga wimbo mzima wa metali halafu ndiyo ukamwite mpiga fidla aje kuupamba, hatapata pa kukaa. Fidla lazima ipewe kazi yake siku ile ile rifu inapozaliwa. Karibu kila tatizo utakalokutana nalo huko mbele linatoka hapo.

Andaa hivi kwanza

- Kompyuta ya kawaida yenye programu ya kurekodi. Natumia Reaper kwa sababu ni nyepesi na unaruhusiwa kuijaribu siku 60 kabla ya kulipia.
- Kadi ya sauti ya nje yenye matundu mawili ya maiki. Nunua inayopata umeme kupitia waya wa USB: umeme ukikatika, betri ya laptopu inaendelea kuilisha na kazi haipotei.
- Maiki moja nzuri ya kondensa na stendi ndefu. Moja inatosha.
- Hedifoni zilizofungwa, mbili, ili kliki (mlio wa kuhesabu mapigo) isivuje na kuingia kwenye maiki.
- Programu ya kuandikia noti. MuseScore ni ya bure na inatosha kabisa.
- Mpiga nyuzi mmoja wa kweli. Fidla, viola au chelo, yeyote utakayempata.
- Magodoro mawili na mablanketi mazito.
- Nyimbo 7 au 8. Zisizidi. Dakika 35 hadi 40 zilizokamilika zina nguvu kuliko saa nzima iliyojaa viraka.

Hatua ya 1: Chagua njia moja

Njia ya kwanza ni kupiga metali kwa vyombo vya klasiki. Mwaka 1996 wapiga chelo wanne wa Ufini, Apocalyptica, waliosoma Sibelius Academy mjini Helsinki, walitoa albamu yao ya kwanza: nyimbo 8 za bendi ya metali Metallica kwa chelo nne, bila drams, bila mwimbaji. Njia ya pili ni kuingiza mwendo wa klasiki ndani ya gitaa lenyewe. Ndivyo alivyofanya mpiga gitaa Yngwie Malmsteen wa Uswidi kwenye albamu yake ya kwanza ya 1984, karibu yote ya ala tupu: mbio za Paganini na ngazi za Bach, watunzi wa klasiki, zikapita kwenye gitaa la umeme, hakuna okestra nyuma yake. Njia ya tatu ni bendi kamili pamoja na okestra.

Hiyo ya tatu ndiyo kila mtu anaitaka, na ndiyo ninayokusihi uiache kwa sasa. Bendi ya roki Deep Purple walipopanda jukwaa la Royal Albert Hall na Royal Philharmonic Orchestra mwezi wa tisa 1969, kupiga tungo ya mpiga kinanda wao Jon Lord, tayari walikuwa na albamu tatu mkononi. Metallica walisubiri hadi 1999, miaka 16 baada ya albamu yao ya kwanza. Wewe anza na bendi yako na mpiga nyuzi mmoja au wawili. Hao wanatosha kutengeneza albamu ya kusikilizwa.

Hatua ya 2: Chagua ki, yaani noti ya nyumbani ya wimbo, kabla hujalegeza nyuzi za gitaa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hili liliniuma mwenyewe.

Bendi nyingi za metali hushusha gitaa nusu hatua. Nami nilifanya hivyo. Rifu ikawa ya E flati maina (maina ni mpangilio wa noti, au skeli, wenye sauti ya huzuni), nzito, tamu mkononi. Nikamwalika mwalimu wa fidla wa kwaya, mtu mzima, nikampa karatasi. "Shikamoo mwalimu, ni kipande kifupi tu." Akavaa miwani, akaangalia zile flati sita mwanzoni mwa mstari, akapiga mistari minne, akasimama. Akaweka kidole juu ya karatasi, akaniambia kwa upole: "Mwanangu, umenifungia nyuzi zote."

Alikuwa sahihi kwa maana halisi ya neno. Fidla ina nyuzi nne: G, D, A na E. Kwenye skeli ya E flati maina hakuna hata moja kati ya hizo. Kila noti lazima ibanwe kwa kidole, hakuna uzi unaoachwa wazi ulie, na fidla inatoa sauti kavu kama imefunikwa blanketi. Tukashusha gitaa nusu hatua nyingine, tukafika D maina. Skeli hiyo ina G, D, A na E zote nne. Rifu ile ile, vidole vyangu pale pale. Akapiga tena, na safari hii niliuona uzi wa D ukitetemeka wenyewe wakati upinde uko kwenye uzi wa pembeni.

Basi shika hizi: D maina, A maina, E maina, na B maina kama gitaa lako lina nyuzi saba. Zote zina nyuzi nne za fidla ndani yake. Kama unatumia chelo na unapenda uzito wa gitaa lililoshushwa mpaka C, hapo umebahatika: uzi mnene wa chelo ni C ile ile, takriban hezi 65, yaani mitetemo 65 kwa sekunde. Vikipiga rifu pamoja utadhani ni chombo kimoja chenye vifua viwili.

Hatua ya 3: Tunga rifu na fidla pamoja

Nadharia utakayohitaji ni ndogo. Chukua skeli ya maina, pandisha noti ya saba nusu hatua. Kwenye D maina, C inakuwa C shapu. Ule mvuto wa kurudi nyumbani unaousikia kwa Bach na Vivaldi sehemu kubwa unatoka kwenye noti hiyo moja, na gitaa la metali linaipenda sana.

Sasa gawa kazi.

Gitaa lipige pawakodi, yaani noti mbili, mama na ya tano, kwa mfano D na A. Noti ya tatu, ile inayosema wimbo una huzuni au furaha, mwachie fidla. Ukiiweka ya tatu ndani ya gitaa lenye distosheni nyingi, noti zinagongana na kutoa ukungu. Fidla ikiishika F juu ya pawakodi ya D na A, wimbo ni wa huzuni. Ikisogea hadi F shapu, gitaa halijagusa kitu lakini chumba kizima kimebadilika. Jaribu leo hii, hata kwa kinanda cha simu. Kwangu mimi hapo ndipo mchanganyiko huu unapohalalisha kuwepo kwake.

Kingine: ziba mapengo. Gitaa likipiga mapigo mafupi yaliyobanwa na kiganja, katikati yake pana ukimya. Weka fidla kwenye ukimya huo, usiiweke juu ya pigo.

Na itunze ile sehemu ya katikati. Hezi 200 mpaka 500 ni shamba la gitaa, hapo limeshiba. Fidla ipande juu, kuanzia uzi wake wa A kwenda juu. Chelo ama ishike rifu sawasawa na gitaa, ama inyamaze kabisa. Kinachoharibu ni chelo kushika kodi ndefu (noti kadhaa kwa pamoja) katikati wakati gitaa linaunguruma.

*Onyo:* usimwandikie mpiga fidla kasi ya drams. Wimbo wa mapigo 180 kwa dakika, ukiweka noti nne kwa kila pigo, ni noti 12 kwa sekunde. Dramu mbili za miguu zinaweza, programu inaweza, lakini mkono wa upinde hauwezi kuzitamka wazi dakika tatu mfululizo. Mpe noti mbili kwa pigo, au noti ndefu juu ya ile mbio. Juu ya drams za kasi, noti ndefu ndiyo inayotisha.

Hatua ya 4: Andika noti anazoweza kusoma

Tabu za gitaa, zile noti zinazoandikwa kwa namba, hazimsaidii mpiga fidla. Andika kwenye MuseScore, na kumbuka noti za gitaa huandikwa oktavu moja juu ya zinavyolia. Ukizinakili moja kwa moja kwenda kwa chelo, atapiga oktavu moja juu ya gitaa na utashangaa uzito umekwenda wapi. Viola ina ufunguo wake wa alto, programu itakubadilishia.

Muulize kwanza anasoma nini. Wengi waliokulia kwenye kwaya zetu wanasoma do-re-mi haraka kuliko mistari mitano. Mwandikie hivyo, hakuna aibu yoyote.

Ukitaka kujifunza kwa wakubwa, IMSLP, maktaba ya mtandaoni, ina karatasi za noti za Bach, Vivaldi na wengine bure. Fungua kipande kimoja kilichoandikwa kwa nyuzi, ukiangalie ukikisikiliza. Angalia jinsi besi inavyotembea wakati fidla imesimama.

Hatua ya 5: Tafuta mpigaji

Usianzie mtandaoni, anzia makanisani na kwenye taarabu. Kule Unguja ipo Dhow Countries Music Academy, Mji Mkongwe, ambako fidla inafundishwa pamoja na ganuni na udi. Nairobi wapo Kenya Conservatoire of Music, na vijana wa Ghetto Classics wa Korogocho. Ndugu zetu wa Kinshasa wana okestra nzima ya Wakimbanguisti (waumini wa kanisa la Kimbangu) tangu 1994.

Mpiga fidla wa taarabu ana sikio la ajabu na anajua kupamba melodia, ila mapambo hayo yanaweza kumtoa kwenye mstari ulioandika. Kaeni pamoja mapema, mkubaliane wapi apambe na wapi anyooshe. Mimi humwachia utangulizi wa wimbo mmoja apambe anavyotaka, na mara zote ndiyo sehemu ninayoirudia kusikiliza.

Malipo yaandikeni kabla ya maiki kuwashwa: ni fedha ya siku moja au ni sehemu ya mapato, na jina lake litaandikwaje. Karatasi moja, sahihi mbili.

Hatua ya 6: Rekodi kwa mpangilio huu

Kliki kwanza. Kisha drams, besi, gitaa, nyuzi, na mwisho sauti ya mwimbaji. Kama huna drams za kweli, ziprogramu, lakini badilisha nguvu ya kila pigo. Mapigo yote yakiwa sawa, fidla ya kweli itafichua uongo huo mara moja.

Gitaa lirekodi mara mbili kwa mkono, moja litakaa kushoto na jingine kulia. Usinakili traki moja mara mbili, ni sauti ile ile tu iliyopandishwa. Na punguza distosheni kuliko unavyopenda ukiwa peke yako chumbani. Traki mbili zenye distosheni ya wastani zina uzito kuliko moja inayonguruma.

Siku ya fidla, tayarisha chumba. Magodoro yasimame kwenye kuta mbili zinazotazamana, blanketi dirishani. Zima feni. Zima friji pia, na funguo za mlango ziweke ndani ya hilo friji. Hutatoka nyumbani bila kukumbuka kuliwasha. Paa la mabati na mvua haviendi pamoja, kwa hiyo angalia anga kabla hujamsumbua mwenzio na nauli. Na kama msikiti au barabara iko karibu, panga vipindi vyako mapema kwa kufuata saa zake.

Maiki ikae mita moja au zaidi kidogo juu ya fidla, ikiangalia mwili wake. Ukiisogeza karibu sana utapata mkwaruzo wa upinde na pumzi za mpigaji. Sauti ifike takriban desibeli 12 chini ya kilele, isizidi. Linganisheni A ya hezi 440 kabla ya kila wimbo, gitaa nalo pia, maana joto linalegeza nyuzi za wote wawili.

Sasa siri ya kupata kundi kutoka kwa mtu mmoja. Apige mstari ule ule mara nne mpaka sita, na kila mara msogeze kiti, sogeza na maiki kidogo. Mwombe abadili vidole pale anapoweza. Zile tofauti ndogo ndizo zinazofanya sikio lisikie watu wengi. Chini yake weka fidla za programu ya kompyuta kwa sauti ndogo, kama samli kwenye wali: usiione, uionje.

Chelo au fidla unayotaka kuitia distosheni isipite kwenye maiki. Tumia pikapu, kinasa mtetemo kinachobandikwa kwenye daraja la chombo. Maiki iliyo mbele ya amplifaya yenye distosheni italia filimbi mpaka mkate tamaa.

Kwa mwimbaji nina neno moja tu. Akipiga ukelele wa metali na koo likaanza kuuma, simamisheni hapo hapo. Sauti ikichubuka, albamu inasubiri majuma.

Hatua ya 7: Miksi, yaani kusawazisha traki zote pamoja

Anza na nyuzi na sauti ya mwimbaji, siyo na drams. Zikishasimama vizuri, leta gitaa polepole mpaka linapoanza kuzisumbua, kisha rudi nyuma kidogo.

Gitaa likate chini ya hezi 80 au 100, huko ni kwa besi na dramu kubwa. Kila fidla inapoongoza, punguza gitaa desibeli mbili hivi kwenye hezi 2,000 hadi 3,000, na ulirudishe fidla ikinyamaza. Msikilizaji hatajua umefanya nini, ila ataisikia fidla. Mwangwi mrefu uwape nyuzi. Gitaa na dramu kubwa viache karibu vikavu. Na mwangwi wenyewe ukate chini ya hezi 250, la sivyo utajaza tope.

Kwenye masta, yaani umaliziaji wa mwisho wa sauti, usikimbilie kelele. Spotify kwa kawaida hushusha nyimbo zenye sauti kubwa mpaka kama LUFS 14 chini ya sifuri (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti), kwa hiyo ukiubana wimbo uwe mkubwa kuliko wote, utateremshwa na utabaki umebanwa tu. Klasiki inaishi kwenye tofauti ya kimya na radi. Ilinde hiyo.

Hatua ya 8: Haki kabla ya kutoa

Tungo za Vivaldi aliyefariki 1741, Bach 1750, Paganini 1840 na Grieg 1907 ziko huru, zichukue uzigeuze. Rekodi ya okestra iliyopiga tungo hizo haiko huru. Kukata sekunde kumi kutoka kwenye rekodi ya mtu ni kuchukua mali yake, hata kama Bach hana wa kumdai. Na uwe mwangalifu na Carl Orff, ambaye watu wa metali wanampenda kwa kwaya zake: alifariki 1982, na Ulaya inalinda kazi miaka 70 baada ya kifo. Sibelius aliyefariki 1957 naye bado yuko ndani ya muda huo.

Sajili kazi yako kwenye ofisi ya hakimiliki: Tanzania ni COSOTA, Kenya ni KECOBO. Ukirudia wimbo wa bendi nyingine, pata leseni ya mwenye wimbo kwanza.

Ukikwama

*Fidla za programu zinasikika zimechelewa.* Hazijachelewa kwenye gridi ya mapigo, zinachelewa kufunguka. Vuta traki nzima ianze mapema zaidi, jaribu milisekunde 60 hadi 100, mpaka sikio likubali.

*Fidla inachoma masikio.* Punguza kidogo kati ya hezi 2,500 na 4,000. Ikiendelea, maiki ilikuwa karibu mno, rudieni.

*Fidla na gitaa haviendani sauti ingawa vyote vimelinganishwa.* Mkono wa gitaa unabonyeza nyuzi kwa nguvu na kuzipandisha. Nyuzi za gitaa nene kidogo zitakusaidia, hasa ukiwa umeshusha.

*Mpigaji yuko sawa mazoezini, lakini kwenye kurekodi anakimbia.* Mpunguzie gitaa kwenye hedifoni, mwongezee drams. Distosheni haina kichwa cha pigo anachoweza kukishika.

*Kwenye hedifoni ni vizuri, kwenye simu hakuna kitu.* Spika ya simu haiwezi kutoa besi wala uzito wa gitaa, inatoa sehemu ya juu tu. Cheza wimbo kwenye simu iliyolala mezani, wewe uwe chumba cha pili. Kama unaweza kuifuata melodia ya fidla ukiwa huko, miksi imekaa. Kama unasikia mkwaruzo tu, rudi Hatua ya 3, maana hapo kinachohitaji kurekebishwa ni tungo.